Swali moja, dakika 12: jinsi tunavyoandaa kipindi cha sauti cha habari za dunia kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi

Mapema mwaka 2024, dada mmoja anayeuza nguo za watoto katika soko la Gikomba, Nairobi, aliniuliza swali nikashindwa kumjibu papo hapo. Robota lake la mitumba alikuwa ameshalilipia, meli ilikuwa imeng'oa nanga Uingereza, lakini wakala wake wa Mombasa kila siku anamwambia asubiri. "Ati ni mambo ya Gaza," akaniambia. "Gaza na robota langu wapi na wapi?"

Wakati huo nilikuwa nimemaliza miaka 11 katika chumba cha habari cha redio, nikitafsiri taarifa za mashirika ya kimataifa. Wiki ile ile nilikuwa nimeandika mara kadhaa kwamba Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, wameshambulia meli Bahari ya Shamu. Sentensi mbili, sekunde 20, halafu Ukraine, halafu michezo. Dada yule alikuwa amezisikia taarifa zote hizo, na hakuna hata moja iliyomfikisha kwenye robota lake. Hilo liliniuma sana, maana kazi ya kumfikisha ilikuwa yangu.

Leo tuko watatu. Mimi naandika na kusoma nikiwa Umoja, kijana mmoja anahariri sauti akiwa Kasarani, na mwenzetu wa Eastleigh anafasiri Kiarabu na Kisomali. Kila siku ya kazi tunatoa kipindi kimoja cha dakika 12 juu ya jambo moja la dunia. Vijana wengi huniuliza tunafanyaje, nami nimeona niandike yote kwa pamoja.

Anza na swali, mada ije baadaye

"Vita vya Sudan" ni mada, na mada haina mwisho. Ukiingia studio na mada utatoka umesema kila kitu kidogo kidogo. Swali ni hili: tarehe 11 Mei 2023 wajumbe wa jeshi na wa RSF, kikosi cha wanamgambo kinachopigana na jeshi hilo, walitia saini kule Jeddah ahadi ya kuwalinda raia, ahadi ile ilikosa nini hata vita vikaendelea? Hapo sasa unajua umpigie nani simu, usome karatasi gani, na ufunge kipindi lini.

Napima swali kwa njia rahisi. Kama jibu lake linaingia kwenye sentensi moja, hiyo ni ya taarifa fupi ya habari, waachie redio. Kama linahitaji kitabu, lipunguze. Na kama hakuna mtu ninayemjua ambaye angeliuliza kwa kinywa chake, nalitupa hata likiwa la kisomi namna gani.

Maswali mazuri nayapata sokoni, kwenye matatu, na kwenye sauti ambazo wasikilizaji hututumia. Kuna siku yanakuja yenyewe. EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na mafuta, hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na bei ikipanda, kufikia usiku simu imejaa: je, ni vita vya huko Ghuba? Hapa uwe mwangalifu sana. Inawezekana ni vita, lakini bei ya lita moja Nairobi imebeba pia kodi za serikali na thamani ya shilingi dhidi ya dola. Mwandishi wa habari za dunia anayetaka kila tatizo la nyumbani litoke ng'ambo anawasaidia wanasiasa kujificha.

Robota lile tulilifuatilia hivi. Swali la kwanza lilikuwa kama kweli lilitoka Uingereza. Lingetoka China, meli ingevuka Bahari ya Hindi bila hata kuisogelea Shamu, na maelezo yote ya Gaza yangehitaji kupimwa upya. Dada akanitumia picha ya hati ya shehena. Bandari ya kupakilia ilikuwa Uingereza kweli. Tukachukua ramani: Mfereji wa Suez, Bahari ya Shamu, mlango-bahari wa Bab el-Mandeb, Ghuba ya Aden, kisha kushuka pwani ya Somalia hadi Mombasa. Tukarudi kwenye tarehe. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi waliiteka meli ya Galaxy Leader wakitumia helikopta, wakasema wanaiunga mkono Gaza. Mashambulizi yakafuatana, na katikati ya Desemba kampuni kubwa kama Maersk zikasimamisha safari za Shamu na kuzielekeza meli zake Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini. Mwisho tukampigia wakala wa forodha Mombasa atusomee ratiba ya meli ile hasa. Ilikuwa imeuzunguka upande wote wa magharibi wa Afrika, ikapinda kusini na kupanda tena upande wetu.

Dada alipokisikia kipindi alinipigia akauliza jambo ambalo sikuwa nimelitia: gharama ya ule mzunguko analipa nani? Tukafanya kipindi cha pili kesho yake. Swali likiwa la mtu wa kweli, huzaa.

Karatasi kabla ya maoni

Nimewaona wenzangu wengi wakianza siku kwa kusoma watu wanasema nini juu ya tukio. Mimi nakuomba uanze na hati yenyewe: azimio, mkataba, hukumu, bajeti. Nyingi ziko wazi mtandaoni, na nyingi ni fupi kuliko makala zinazozieleza.

Mfano ninaoutumia kuwafundisha vijana ni Haiti. Wakati polisi wa Kenya wanajiandaa kwenda Port-au-Prince, nilisikia mara nyingi kwamba wanakwenda "na jeshi la Umoja wa Mataifa". Soma azimio namba 2699 la tarehe 2 Oktoba 2023. Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi cha mataifa mbalimbali kikiongozwa na Kenya, kwa kura 13, China na Urusi zikijizuia. Kuidhinishwa ni jambo moja, na kuwa kikosi cha Umoja wa Mataifa ni jambo jingine, na tofauti hiyo iko mfukoni: kikosi kile kilitegemea michango ya hiari, hakikuwa na fungu la uhakika kama walinda amani wa kawaida. Msikilizaji akilijua hilo tangu mwanzo, habari za miezi iliyofuata kuhusu upungufu wa fedha na vifaa hazimshangazi.

Na Haiti ilinifundisha jambo jingine. Kundi la kwanza la polisi wetu lilitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Siku hiyo hiyo Nairobi vijana walikuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Bunge likavamiwa, watu wakapigwa risasi. Kipindi cha Haiti kilikuwa tayari kimehaririwa. Mwenzangu akasema tukitoe, kwa kuwa ni habari za dunia na sisi ni kipindi cha dunia. Nilikataa. Mtu aliyelala bila kujua mwanawe yuko wapi huwezi kumwamsha na Port-au-Prince. Asubuhi iliyofuata tulitoa dakika nne tu: tunachojua kwa hakika na tusichokijua bado. Haiti ikasubiri wiki nzima, na tulipoitoa tuliziweka tarehe hizo mbili pamoja, kwa sababu kila aliyenipigia alikuwa ameshaziweka pamoja yeye mwenyewe.

Saa za dunia na saa za Umoja

Kipindi chetu kinatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla mtu wa Kayole hajapanda gari la kwenda mjini. Ratiba nzima inahesabiwa kinyumenyume kutoka hapo.

Saa nne asubuhi tunakubaliana swali kwa simu, dakika 20, basi. Hadi saa nane mchana ni kusoma na kutafuta watu. Mahojiano ni alasiri. Baraza la Usalama likikutana saa nne asubuhi New York, kwetu ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili wao wakirudisha saa zao nyuma wakati wa baridi. Kwa hiyo siku yenye kura kubwa siandiki neno la mwisho kabla ya saa mbili usiku. Moscow haina shida, saa yao na yetu ni moja. Saa tatu usiku mhariri ananitumia vipande vya mahojiano alivyovikata, nami naandika nikivizunguka.

Kusoma nasoma saa tisa na nusu usiku. Ndiyo, naamka. Baa ya ng'ambo ya barabara inakuwa imefunga, makanga hawajaanza kuita, na adhana ya alfajiri bado. Nimejaribu saa nyingine zote na hakuna ninayoipata yenye utulivu kama hiyo. Faida ya pili ni kubwa zaidi: kabla ya kusoma napitia kilichotokea usiku. Mara kadhaa nimelazimika kuandika upya utangulizi mzima kwa sababu ya tukio la saa saba usiku.

Mtu anayesimulia si kiungo cha kukolezea

Hapa ndipo ninapotumia nguvu zangu nyingi. Nairobi imejaa watu wa habari zile zile tunazozisoma. Wakongomani waliotoka Goma wako Kasarani na Kayole, Wasomali na Waoromo Eastleigh, na tangu Aprili 15, 2023 Wasudani wameongezeka Kilimani na kwingineko. Mwandishi wa London anahitaji viza na ndege kuwapata watu hawa. Wewe unahitaji nauli ya matatu na subira.

Subira kwanza. Siendi na kinasa sauti ziara ya kwanza. Nilipomtafuta mama mmoja aliyekimbia mji wa Omdurman, Sudan, tulikunywa chai mara mbili tukizungumza habari za watoto na kodi ya nyumba, na mara ya tatu akaniambia mwenyewe nitoe simu. Kabla ya kurekodi mweleze mambo matatu kwa lugha anayoielewa: kipindi kitasikika wapi, nani anaweza kukisikia huko alikotoka, na kwamba anaweza kubadili nia hadi saa fulani ya jioni. Mtajie saa yenyewe. Hatumlipi mtu kwa mahojiano, lakini nauli yake tunairudisha.

Jina la uongo peke yake halimfichi mtu. Kinachomtaja ni vitu vidogo: msikiti wa mtaa wake, idadi ya watoto, siku aliyovuka mpaka, kazi ya mumewe. Mama yule aliponieleza duka la familia yake na kona lilipokuwa, niliyaondoa hayo yote, ingawa yalikuwa mazuri sana masikioni. Kisha nikamchezea kipande kilichobaki kabla ya kukitoa. Akaomba niondoe neno moja. Nikaliondoa.

Akizungumza lugha nyingine, usimfunike mara moja. Acha sauti yake ipande peke yake sekunde nne au tano, kisha ishushe taratibu Kiswahili kiingie juu, na mwishoni iache tena itokeze. Mfasiri aseme "mimi" pale msimulizi anaposema mimi. Na mwambie mfasiri asipambe. Mtu akisema "nilichoka", tafsiri iwe "nilichoka", isiwe "nilizongwa na uchovu usio kifani".

Uliza maswali yenye mikono na miguu. "Ulijisikiaje?" hutoa jibu lile lile kwa kila mtu duniani. Mimi huuliza: ulibeba nini, uliacha nini mezani, funguo ziko wapi sasa? Mama wa Omdurman alifungua mkoba akanionyesha funguo. Kwenye sauti zinasikika zikigongana, na hapo sikuongeza neno.

Maneno

Kiswahili cha habari za dunia kina mitego, na mingi inatokana na haraka. Kusitisha mapigano si mkataba wa amani. La kwanza hunyamazisha bunduki, la pili hugawa madaraka na mali. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa vinazibana nchi zote wanachama, vya Marekani ni vya Marekani. "Kura ya turufu" wengi wanaijua, lakini bado naieleza kila mara kwa sentensi moja: wanachama watano wa kudumu, mmoja wao akikataa, azimio limekufa hata wengine wote wakikubali.

Mahakama za The Hague ndizo zinazochanganywa zaidi, hata na Wakenya tuliozoea kuitaja The Hague tangu kesi za baada ya uchaguzi wa 2007. ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huwashtaki watu, na ilianza kazi mwaka 2002. ICJ, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huamua kesi kati ya dola na dola, na ni chombo cha Umoja wa Mataifa. Afrika Kusini ilipoishtaki Israel mwishoni mwa Desemba 2023, ilikwenda ICJ.

Andika Kiswahili kitakachoeleweka Lamu, Mbeya na Bukavu. Mimi nyumbani nasema stima, kwenye kipindi nasema umeme. Bahari ya Shamu naitaja mara moja pia kama Bahari Nyekundu, kwa ajili ya waliosoma hivyo shuleni. Sheng naipenda na naitumia, lakini si hapa, kwa sababu ya baba wa Tanga anayetusikiliza akiwa dukani.

Kuandika kwa ajili ya sikio

Mimi husoma takriban maneno 110 kwa dakika. Mahojiano yakichukua dakika nne, zangu ni nane, yaani maneno kama 880. Jipime mwenyewe kwa saa kabla ya kuandika, la sivyo utakuwa unakata usiku wa manane.

Msikilizaji hawezi kurudisha jicho juu ya mstari. Sentensi moja, jambo moja. Mtaje mtu kwa cheo chake kabla ya jina: "mkuu wa jeshi la Sudan, Abdel Fattah al-Burhan", na baada ya dakika tatu umkumbushe tena ni nani. Usitie majina zaidi ya manne katika kipindi kimoja. Tarakimu mbili kwa dakika zinatosha, na kila kubwa iwekee mizani. Ukisema zaidi ya watu milioni 10 wamehama makwao Sudan, neno linapita kama upepo. Ongeza kwamba sensa ya 2019 ilihesabu Nairobi nzima watu milioni 4.4, sasa fikiria Nairobi mbili na zaidi zikibeba magodoro.

Usianze na historia. Anza na jambo la jana, halafu rudi nyuma kadiri swali linavyohitaji na usizidi hapo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, lakini kwenye kipindi cha robota hatukuutaja mwaka huo, haukumsaidia mtu. Tulichokitaja ni kwamba Bab el-Mandeb kwa Kiarabu ni Mlango wa Machozi, kwa kuwa mabaharia wa zamani pia walipaogopa.

Vifaa na kutuma

Kwa ufupi. Simu nzuri na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, nilichonunua Luthuli Avenue, vilitubeba mwaka mzima wa kwanza. Nasomea ndani ya kabati la nguo, blanketi nyuma ya mgongo, mdomo umbali wa shubiri moja kutoka kwenye kipaza. Mvua ikipiga mabati, subiri. Chaji kila kitu jioni, kwa sababu umeme hupotea usiku ule ule wenye habari kubwa. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha.

Toa faili kwa mono, yaani sauti ya njia moja, kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika 12 zinakuwa chini kidogo ya megabaiti 6, na mtu wa bando la siku anaweza kuipakua bila kujiuliza mara mbili. Nimesikia vipindi vyenye muziki wa kupendeza na uzito wa megabaiti 30. Watu wangu hawavifungui. Tunaweka kwenye majukwaa ya podikasti, lakini wasikilizaji wetu wengi wanatupata WhatsApp, mmoja akimrushia mwingine. Kwa sababu hiyo tarehe na swali la siku vinatajwa kwa sauti ndani ya sekunde 15 za kwanza, maana faili ikisharushwa mara tatu haina jina tena.

Ukikosea

Tarehe 5 Mei 2025 ICJ iliiondoa kesi ya Sudan dhidi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, ikisema haina mamlaka ya kuisikiliza. Kwenye kipindi chetu nilisema ICC. Zaidi ya hapo nilisema mahakama "imekataa madai ya Sudan", kana kwamba majaji walipima ushahidi wakaona ni uongo, ilhali hawakufika huko kabisa. Nilikuwa nimeamka nimechoka, nikaandika utangulizi upya, wala sikuurudisha kwa mwenzangu aukague. Mwalimu mmoja wa Tanga akanitumia sauti kabla ya saa mbili asubuhi.

Tulifanya hivi, na ndivyo tunavyofanya hadi leo. Faili la zamani tulilibadilisha siku ile ile, tukaweka mwanzoni mwake maelezo ya kilichobadilika. Lile lililokwisha kusambaa WhatsApp hatukuweza kulirudisha, kwa hiyo tulituma sauti fupi ya sekunde 40 katika makundi yale yale, ili aliyelirusha kosa awe na kitu cha kurusha baada yake. Na kesho yake, kabla ya swali jipya, nilisoma: "Jana tulisema ICC. Ni ICJ. Tulisema madai yamekataliwa. Mahakama haikuyapima madai. Ilisema haina mamlaka juu ya kesi hii. Kosa ni langu mimi niliyesoma." Tangu siku hiyo utangulizi unaoandikwa usiku hausomwi mpaka mtu wa pili aamke na kuupitia. Mhariri wa Kasarani analala simu ikiwa chini ya mto.